Tela la Jumamosi

Toivola, Michigan
19 Oktoba 2024

Mwanangu mpendwa Aila,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na mumeo Brandt. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi ulichokuja nacho mwezi wa sita kimekwisha kabisa. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri theluji kuliko redio. Shangazi yako Irja naye ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Kuni nimeshapanga, na kulungu wanakula kabichi zangu kana kwamba niliwapandia wao.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mtu ambaye hajawahi kukuandikia zaidi ya kadi ya siku ya kuzaliwa. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua. Kwenye simu nitaanza na hali ya hewa, nihamie kwenye bei ya mafuta, halafu nitasema haya mwanangu, ulale salama, na lile nililotaka kusema litabaki kooni. Kwenye karatasi siwezi kukimbia. Irja ameapa kuipeleka posta mwenyewe, na ameapa kuisoma kwanza.

Habari yenyewe ni kwamba nimelirudia lile tela letu. Lile dogo la kulala watu wawili, lenye umbo la tone la chozi, kitanda ndani na jiko nyuma chini ya kifuniko. Miaka kumi na tisa limekaa bandani chini ya turubai, likirundikiwa koleo za theluji, matairi na machupa ya jemu ya shangazi yako. Siku nilipolifunua, Irja alikuwa amesimama mlangoni na pochi yake. Akaniuliza, “Orvo, hilo jeneza la dubu bado hujalitupa tu?” Nikamwambia nataka kulimaliza. Akasema, “Ulishindwa ukiwa na magoti mawili, utaweza na moja?” Kisha akavua koti akanisaidia kuondoa matairi, huku akinilaumu kwa kila chupa iliyopasuka.

Nilipovuta turubai, harufu ya ile plaiwudi ilinirudisha mbali sana. Nilikumbuka gwaride la sikukuu ya uhuru ya Julai kule Houghton, wewe ukiwa na miaka kumi na mitatu, tulipomwona yule mzee na gari lake kuukuu akikokota tela kama hili. Aliposimama akainua kifuniko cha nyuma, kumbe ndani kuna jiko, na kahawa inachemka! Uliingiza kichwa mlangoni kwake bila hata kuomba ruhusa. Njia nzima ya kurudi nyumbani ulikuwa unachora kwenye bahasha ya bili ya umeme. Bahasha ile ninayo mpaka leo, na ile bili sijui kama niliilipa.

Wakati huo mama yako alikuwa ameshahamia Marquette, na hakimu alikuwa ametugawia Jumamosi, moja ndiyo, moja hapana. Siku zangu nilizihesabu kwa hizo. Mama yako alikuleta saa tatu asubuhi, nawe ulikuwa unaruka garini kabla halijasimama. Ulikunywa kahawa yenye maziwa mengi kuliko kahawa na kuniambia eti ndiyo kahawa ya mafundi. Redioni besiboli, timu yetu ikichapwa kama kawaida. Mchana Irja alituletea pasti za moto, zile za nyama na viazi, na kila mara mligombana kwa sababu ulizimwagia sosi ya nyanya, na yeye akasema mtu anayefanya hivyo ni wa chini ya daraja, wale wa kusini ya lile daraja kuu, si wa kwetu. Leo unaishi huko chini ya daraja, na yeye anajisifu kwamba alijua mapema. Jioni tulioga sauna kwake kwa zamu, saa kumi na mbili mama yako akapiga honi, na nyumba ikanyamaza wiki mbili.

Nikwambie jambo ambalo wakati huo sikulisema, kwa kuwa wazee wetu hawakutufundisha kusifu. Ulikuwa na kipaji. Mimi nilikuwa fundi wa magari ya kusukuma theluji ya kaunti, chuma nakijua, lakini mbao nilizikisia tu. Wewe ulipapasa ubao huku umefumba macho, ukaniambia hapa pana bonde, na kweli nikiweka rula nilikuta bonde. Ule mpindo wa mgongo wa tela uliukata wewe, nami nilishikilia tu ubao. Na nilikiona kile kijitabu cha chuo cha kutengeneza boti za mbao, ulichokificha chini ya redio ukidhani sijakiona. Nilikisoma chote, hata ukurasa wa ada.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa pili, kilibaki kifuniko cha nyuma peke yake. Mtu yeyote aliyewahi kujenga tela la namna hii atakwambia hapo ndipo penye kazi, maana kifuniko kimepinda na lazima kifunge bila kuingiza hata tone. Tulibandika utepe wa mpira kuzunguka ukingo na kuziba kwa gundi, tukaacha ukauke. Kisha wewe ukaingia ndani na tochi, nami nikamwaga maji juu kwa mpira wa bustani. Ukapiga kelele, “Baba, zima! Linavuja, maji yameniingia sikioni!” Ulitoka umelowa, tukacheka mpaka nikakaa chini. Halafu ukaingia jikoni ukampigia simu mama yako, ukamwomba uje na Jumamosi iliyofuata, ambayo haikuwa yetu. Mama yako akakubali. Sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Yaliyofuata unayajua. Tela likavuja tena, na tena, mpaka mwezi wa kumi. Kila mara ulikwangua utepe wote na kuanza upya, kila mara kwa uangalifu zaidi, na kila mara tukimwaga maji yaliingia palepale, upande wa kulia. Kucheka kuliisha. Jumamosi ya mwisho ulitoka ndani, ukaweka tochi juu ya meza ya kazi taratibu, ukasema, “Baba, mimi sina mikono. Kila ninachoshika naharibu.” Ilikuwa saa sita mchana tu, lakini ulikwenda kukaa barazani kumngoja mama yako. Kabla ya hapo ulichukua kile kijitabu ukakitia ndani ya jiko la kuni, mbele ya macho yangu. Baada ya hapo Jumamosi zikawa za mitihani, za marafiki, za mafua, na mwishowe sikuuliza tena.

Sasa nikupeleke kwenye sherehe ya mwezi wa sita, Irja alipotimiza miaka sabini. Utakumbuka ule mlango wa wavu uliochomoka bawaba, na mtu akakunyooshea bisibisi kwa kuwa ulikuwa karibu. Uliinua mikono juu ukasema, “Nani, mimi? Mimi nikishika bisibisi nyumba yote itaanguka! Muulizeni baba, yeye ndiye shahidi.” Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, Aila. Nilicheka pamoja nao, na sahani ya keki mkononi. Umri wako miaka thelathini na minne, na bado unatembea na maneno yale kama jina lako la pili. Wiki ileile nikavuta turubai.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwaga maji. Nilitarajia baada ya miaka yote hiyo litavuja kila mahali. Nikaingia na tochi, goti likilalamika. Upande wa kushoto, ambako gundi uliipaka wewe na hakuna mtu mwingine aliyeigusa, hapakuwa na unyevu hata kidogo. Nilikuna ubao kwa ukucha, ni mweupe na mgumu kama siku tuliyoununua. Upande wa kulia maji yaliteremka bila aibu, na ubao wake umeoza, umekuwa laini kama mkate uliolowekwa kwenye kahawa. Kidole kilizama. Niligeuza ndoo nikaikalia.

Hapa ndipo kalamu inapotaka kunigomea, lakini nimepiga moyo konde. Ule upande wa kulia hukuuharibu wewe. Niliuharibu mimi, tena kwa makusudi.

Mara ya kwanza tela lilivuja kweli, na kosa lilikuwa langu, nilifunga bawaba vibaya, nikaikaza upya. Lakini mara ya pili uliliziba sawasawa. Najua, kwa sababu Jumatano nilipotoka kazini nilishindwa kungoja, nikamwaga maji mwenyewe na kuingia ndani. Pakavu. Ungedhani nilishangilia. Nilikaa mle ndani nikaogopa, mwanangu. Niliwaza kwamba Jumamosi utakuja, utaona pakavu, tutapeana mikono, halafu je? Jumamosi ya pili utakuja kufanya nini? Nyumba yangu haikuwa na kitu cha kumvuta msichana wa miaka kumi na mitano isipokuwa tela, na mimi sikujua kuzungumza nawe kama hatuna kitu mikononi. Basi nikachukua kisu butu cha kukwangulia rangi, nikauinua utepe upande wa kulia, urefu wa kidole tu, nikaurudisha usijue.

Ulipopiga kelele Jumamosi ile kwamba linavuja, nilishusha pumzi. Nilifanya hivyo mara saba. Kila mara nilijiambia ni ya mwisho. Nilikutazama ukikwangua kazi yako nzuri, nikakuletea kahawa, nikajitia hamnazo, nikakwambia usijali, hata fundi mkubwa hukosea. Nilitaka kukuweka, na ni mkono wangu huohuo uliokufukuza. Uliposema huna mikono, neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Nilihofu kwamba ukijua ukweli hutarudi tena. Hukurudi hata hivyo.

Mwezi wa nane nilimweleza Irja, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za banda na chakula cha mchana. Aliacha kutafuna. Aliifunga pasti yake kwenye karatasi, akaitia kwenye pochi, akasema, “Orvo, ungekuwa na miaka kumi ningekuchapa, na kuchapa najua. Mtoto anajiita mharibifu miaka kumi na tisa, na wewe unamchekea ukila keki yangu?” Akaondoka. Alikaa siku nne bila kuja, na kwa Irja siku nne ni mwaka. Siku ya tano alikuja na karatasi hizi, akaziweka mezani mbele yangu, akasema hajali mwandiko wangu ni mbaya kiasi gani. Mpaka leo zimepita wiki nyingi, maana niliona haya kuandika kabla sijamaliza kazi.

Tela limekwisha. Upande wa kulia nimekata ubao wote uliooza na kuweka mpya, kwa rula na miwani miwili, na haujafikia nusu ya uzuri wa kwako. Upande wa kushoto sikuugusa, si kwa msasa wala kwa vanishi. Jumanne nilimwaga maji nusu saa nzima, na Irja ndiye aliyekaa ndani na tochi akinitukana kupitia dirishani. Alitoka mkavu.

Irja anashuka kusini wiki ya kwanza ya Novemba, kabla barabara hazijafunikwa na theluji, na atalikokota hadi mlangoni kwako. Anasema anajua kukokota kuliko mimi, na ni kweli. Mimi sitafuatana naye. Sitaki usimame mlangoni ukijiona huna budi kunikaribisha. Funguo ziko kwenye droo ya jiko. Ukitaka kuliuza, uza. Ukitaka kulichoma moto, mwambie Brandt asimame mbali, vanishi hiyo inawaka vibaya. Ila kabla ya lolote inua kifuniko, uangalie upande wa kushoto kwa macho yako mwenyewe.

Sikuombi unisamehe kwa sababu ya karatasi nne. Nataka tu uache kusema maneno yale. Hayakuwa kweli siku ile uliyoyasema, na hayajawa kweli siku yoyote.

Na kama siku moja utavuka daraja uje huku, iwe Jumamosi au siku nyingine yoyote, nisingependa udanganyike tena. Bandani hamna kitu. Nimefagia. Sina ubao wa kukushikisha, sina skrubu ya kukaza, hakuna kinachovuja. Utanikuta mimi tu, na saa tisa za barabarani ni nyingi kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini nitakuwepo.

Nifikishie salamu kwa Brandt na kwa wote wanaoniulizia. Irja anakusalimu sana. Ameisoma barua hii yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la kuongeza.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Orvo Kangas