Mpaka Fagio Apite

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Pokea salamu za kaka yako, na uzipokee ukiwa umeketi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza ugomvi, na wajukuu wanakuachia angalau usingizi wa mchana. Nasi huku tunasukuma siku. Ukiniuliza hali yangu, ulimi unataka kukujibu kama tulivyolelewa: mzima, hofu kwako tu. Safari hii jibu hilo lina ufa, na nitakuonyesha ulipo. Ila niache nianze na la mwanao, kwa sababu ndilo linalonitoa jasho la viganja.

Mwili wake hauna neno. Hilo lishike kwanza. Kilicho hatarini ni kazi yake na jina lake. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la korido, katika ofisi ya usafiri wa wanafunzi, daftari nimeliweka gotini. Nyuma ya mlango ule wa mwisho, wenye kioo cha ukungu, kamati inaamua kama ataendelea kuendesha basi la watoto wenye ulemavu au atakabidhi funguo leo hii. Ameshaitwa ndani. Sauti zinapanda na kushuka, sipati neno hata moja. Karani anapita na viatu vyake vya visigino, na kila akipita nafunga daftari kama mtoto aliyekamatwa akichora ukutani. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi nizitume kwenye simu ya binti yako akusomee, maana nataka ulisikie hili kwangu kabla ya mwanao kukupigia.

Ndiyo, ana pikipiki. Ulipowahi kuniandikia kwamba pikipiki ni jeneza lenye magurudumu, aliyasoma maneno hayo akichungulia begani kwangu, akacheka mpaka akakohoa, na wakati huo yake ilikuwa tayari imeegeshwa uani, imefunikwa turubai. Ana chama cha waendesha pikipiki pia. Mara ya kwanza walipokuja kumchukua nilichungulia dirishani nikaona makoti ya ngozi, mabuti, ndevu, na mmoja ana fuvu la kichwa mgongoni. Nilitia mnyororo mlangoni. Nikamwambia mpwa wangu kwamba ndege wenye bawa moja huruka pamoja na kwamba bawa lile silipendi. Akanijibu kwa heshima zote, Mjomba, mwenye fuvu mgongoni ni mkunga.

Kweli ni mkunga. Mwanamke mnene, mcheshi, nusu ya watoto wa mji huu wamepita mikononi mwake. Mwingine anashona makochi, mwingine ni mpishi wa shule. Nilikuwa nimewahukumu kwa makoti yao, mimi ambaye kila nilikohamia watu wamenihukumu kwa lafudhi kabla sentensi yangu haijafika kwenye nukta. Nilitoa mnyororo.

Kila mwaka chama hicho hufanya safari ya hisani. Watu huwaona wakipita kwa kishindo, husogeza watoto wao ukutani, na hawajui kwamba kwenye vibebeo vya nyuma kuna blanketi au vyandarua vya wodi ya watoto. Mwaka huu walichagua vitabu vya kupeleka hospitali. Waliniletea chumbani kwangu vilivyochakaa, nami nikavibandika migongo kwa kitambaa na gundi, nikafurahi kama sijawahi kustaafu kazi ya kujalidi vitabu. Basi wakasema aliyevitibu ndiye atakayevikabidhi. Wakanipakia kwenye pikipiki ya Mkunga. Aliniambia, Mzee, usinikalie kama gunia la mkaa. Nikiinama inama, nikinyooka nyooka, na ukiogopa fumba macho lakini usifumbe mikono. Nilifuata amri.

Sasa sikiliza desturi yao, kwa sababu kesi yote imelala hapo. Msafara mrefu hukatika mjini, hasa kwenye taa. Ili asipotee mtu, kila wakifika njia panda, anayemfuata kiongozi husimama pale pembeni na kuwaonyesha wenzake pa kukata. Haondoki wakishapita watano, haondoki wakishapita ishirini. Anasimama mpaka apite yule wa mwisho, ambaye wao humwita Fagio, kwa kuwa huwazoa wote waliobaki nyuma. Fagio akipita, mshika kona huwasha pikipiki na kuunga mkia. Simu zote zinafungiwa mikobani wakati wa safari. Mshika kona aliyeondoka kabla ya Fagio hapewi tena kona, na kwao hiyo ni fedheha kubwa kuliko kuanguka.

Siku hiyo Fagio alikuwa Mkunga, nami mgongoni kwake. Na kona ya mwisho, ile ya shule ya chekechea, alipewa mwanao.

Walipita wote isipokuwa sisi. Akasubiri. Jua lilikuwa kali na vumbi jingi, kwa hiyo alikuwa ameshusha kioo cha helmeti yake, kioo cheusi. Upande wa pili wa barabara palikuwa na uzio, na nyuma ya uzio bembea, na kwenye bembea watoto. Yeye alikuwa akitazama tulikopaswa kutokea, ila mwenye kutazama kutoka ndani aliona dume la koti la ngozi, halina uso, limesimama muda mrefu mno mbele ya watoto wa watu. Mlinzi akatoka kumwambia asogee. Mwanao, kwa adabu zako ulizomfundisha, akamwamkia kwanza, kisha akasema hawezi kuondoka mpaka Fagio apite. Mlinzi akamwuliza fagio gani, mbona uwanja umeshafagiliwa, anamletea masihara kazini? Mwanao akajieleza kupitia kioo cha helmeti, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mlinzi akarudi ndani akafunga lango kwa komeo.

Mzazi mmoja akapiga picha. Akaipeleka kwenye kundi la wazazi na maneno haya chini yake: mhuni huyu anawavizia watoto wetu tangu asubuhi. Picha haina miguu lakini ina mbio. Polisi walipofika walimkuta palepale, mgongo umenyooka, akiwa bado anaonyesha njia kwa mkono. Walimhoji, wakamwachia bila shtaka. Ungefikiri yameisha. Lakini mmoja wa wazazi wale ana mtoto kwenye basi la mwanao, akamtambua kwa namba ya pikipiki. Kesho yake alisimamishwa kazi. Basi limekaa na dereva wa muda, ambaye nasikia hajui kwamba yupo binti asiyepanda mpaka aimbiwe, na yupo kijana lazima mkanda wake ufungwe kwa kuhesabu kinyumenyume.

Wenzake hawakumtupa. Walikuja kwenye kikao cha kwanza wakaeleza desturi yao mmoja baada ya mwingine. Kamati ikawasikiliza, kisha mwenyekiti, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akauliza swali moja tu: kama desturi ndiyo hiyo, mbona huyo Fagio hakupita? Wote wakamgeukia Mkunga. Mkunga akasema ni kweli hakupita, na sababu si yake kuisema. Mwanao, kwa kutaka kumwokoa, akasema walipotea njia, kwani ndivyo alivyoambiwa na mjomba wake. Chumba kizima kilicheka. Mkunga huyu, aliyeitwa kila mtaa wa mji huu kwa ajili ya uchungu, apotee mchana kweupe? Mwenyekiti akaandika kitu, akasema desturi hiyo inanuka kama hadithi iliyotungwa kwa ajili ya mwenzao. Akaahirisha mpaka leo.

Mdogo wangu, tulikuwa hatujapotea. Mimi ndiye niliyemwambia mwanao hivyo, na ule ufa niliokutajia mwanzoni ndio huu.

Tulikuwa kwenye barabara ya kiwanda cha matofali. Nilihisi kama mtu mzima amenikalia kifuani, kisha nikaona rangi zinaondoka kwenye vitu, kwanza nyekundu, halafu zote. Mkunga alihisi mikono yangu ikilegea kiunoni kwake kabla sijatamka neno. Alisimama, akanilaza kwenye majani, akaniinulia miguu juu ya mafurushi ya vitabu, akanitia vidole shingoni. Kisha akasimamisha gari la mikate kwa kulikingia mwili wake barabarani. Nilifika zahanati nikiwa nimelala kati ya trei, nanukia kama tanuri. Alimpigia kiongozi wa msafara kwa simu ya zahanati kumuuliza tu kama wote wamefika, akajibiwa kwamba wameshafika, maana waliokuwa hospitali walidhani mwanao yuko na sisi, nasi tulidhani yuko nao. Kwenye kona ile hakubaki mtu wa kumkumbuka.

Nilipopata nguvu za kusema, nilimshika Mkunga mkono nikamwomba jambo hili libaki kati yetu. Akaniuliza naomba kama abiria au kama mgonjwa. Nikasema kama mgonjwa. Akanitazama kwa masikitiko, akasema basi, mdomo wangu umeshonwa. Na umebaki umeshonwa mbele ya kamati, mbele ya wenzake waliomnunia, mbele ya mwanao asiyemsalimia tena. Amekaa hapa kando yangu sasa hivi. Walimsihi leo aje na sare ya hospitali ili aonekane mtu wa heshima. Akajibu wakimtaka mkunga wapate uchungu kwanza, na akaja na fuvu lake mgongoni. Tangu tuketi hajanisemesha kuhusu hilo hata mara moja. Ananipa maji tu.

Utaniuliza kwa nini nilificha. Daktari aliniambia mapema mwaka huu kwamba moyo umechoka upande mmoja, kwamba ninywe dawa, nipande ngazi polepole, na nisithubutu kupanda ndege. Nilimsikia vizuri. Lakini mwanao alikuwa ameshanikatia tiketi ya kuja kwako. Nawe uliniandikia kwamba umekipaka rangi chumba cha nyuma, ukaniuliza kitanda kiangalie mlango au dirisha. Nilipoondoka ulikuwa binti wa kusuka nywele za mwanasesere. Sasa una mvi, nami sijaziona ila kwenye picha. Nikajiambia nitasafiri tu, na likinikuta angani, na linikute nikielekea nyumbani. Ndiyo maana nilifunga midomo ya watu.

Sasa nikiingia mle ndani na kusema kilichotusimamisha barabarani, mwanao atalisikia neno moyo, na tiketi itarudishwa kabla jua halijatua. Nikinyamaza, yeye atabaki mhuni wa kwenye picha mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuna atakayempa tena mtoto wa kumpeleka popote. Nimeyapima hayo mawili tangu kikao cha kwanza. Aibu yangu ni kwamba nilihitaji kuyapima.

Kwa hiyo siji, mdogo wangu. Nisamehe kwa kuliandika hivyo bila kulivika nguo. Siji mwaka huu, na daktari hanipi sababu ya kukutajia mwaka mwingine. Chumba kile mpe mtu alale, usikiache kinuke rangi. Na kama magoti yatakuruhusu, njoo wewe. Mwanao atakupokea kwa pikipiki, utapiga mayowe njia nzima, nasi tutapata la kucheka mpaka uondoke.

Sijui kama kamati itaniamini. Nina cheti cha zahanati mfukoni, nina lafudhi yangu, na nina uso wa mzee. Kinachonitisha ni kumwona mwanao akigeuka kunitazama, wala si kamati.

Nisalimie shemeji, umwambie asikufiche dawa zake kama mimi. Wabusu wajukuu kwa kadiri watakavyokubali kubusiwa. Majirani wanaonikumbuka wape salamu, na wasionikumbuka usijisumbue kuwaeleza. Usilie mbele ya binti yako anayekusomea. Mpe pumziko kidogo, kisha alie mwenyewe akitaka.

Mlango umefunguliwa. Karani ameuliza ni nani hasa aliyekuwa amepakiwa nyuma ya Fagio. Mkunga amesimama akaninyooshea mkono, anauliza kama anisaidie kuinuka. Siku zote nimekuwa nikimkatalia. Leo nimeupokea.

Ni mimi, kaka yako mpenzi, ninayekwenda kusema.