Baiskeli ya Gia na Safari ya Likunja

Ruangwa, Jumapili, Agosti 2003

Basi nimeinunua. Mwaka mzima nimeiwaza ile baiskeli ya gia, nyepesi kiasi kwamba mwenye duka kule Nachingwea huinyanyua kwa mkono mmoja. Jana mke wangu, Somoe, alinisindikiza, nami nilijua atauliza nini.

"Haina keria. Mimi nitakaa wapi?"

Tangu nihamishiwe huku kufundisha, Somoe hupanda nyuma yangu tukienda Likunja kwa mama yake. Nikageukia zile nyeusi, nzito, kama yetu ya nyumbani. Nilinuna, nakiri. Mtu mzima mimi, mwalimu.

Somoe akacheka. "Chukua unayoitaka, Baba Zuhura. Ile ya zamani niachie mimi."

"Utaiendesha?"

"Naiendesha tangu mwezi wa tano. Ukiwa shuleni, unadhani inashinda imeegemea ukuta?"

Leo tumekwenda Likunja, kila mtu na yake. Kwenye mlima nilibadilisha gia nikampita. Kwenye mteremko akanipita yeye, kitenge amekifunga kiunoni, breki hashiki. Breki zile nazijua mimi, kesho lazima nizibadilishe.

Mama mkwe alikuwa uani. Nikiwa bado njiani nilimsikia akiuliza, "Mumeo yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama. Anakuja."

Nikapunguza mwendo makusudi, nikamwacha Somoe asimulie mpaka mwisho alivyonipita.