Ukingo Usiokunjwa

Jumanne, 14 Mei

Baba Zuhura,

Leo nimepita mtaa wa Gerezani, kwenye karakana yako. Mdogo wako Hamisi bado anapasua mapipa ya mafuta na kuyanyoosha kwa nyundo yawe bati la majiko, lakini ukingo hakunji tena. Anauacha mkali kama wembe. Mteja mmoja akasita.

Hamisi akamwambia, "Chukua tu, mama. Hii ni kazi ya marehemu kaka."

Nikamwambia, "Shemeji, marehemu alikunja mara mbili, watoto wasijikate."

"Watu wanatafuta bei, shemeji. Mkunjo nani ataulipia?"

Ningekuwa na mkono wa kushika nyundo ile...

Mtoto akijikata, utalaumiwa wewe usiyeweza kujitetea.

Nami unikumbuke huko uliko.