Supu ya Mwani Siku ya Mtihani

Jumatano, 8 Januari

Baridi ya kukata masikio. Sokoni mauzo hafifu – wiki ya mtihani, nani atanunua mwani? Watu wanaipita meza yangu kama vile nauza ndui. Mwani unateleza, na anayeteleza anafeli, ndivyo wanavyoamini Mokpo nzima, na Korea yote. Hata redioni mtu akishindwa wanasema amekunywa supu ya mwani. Mwani wa watu umekosa nini?

Kwa Mama Gyutae, jirani yangu wa meza, kumejaa. Anauza peremende za kunata. Kila mwenye mtoto wa mtihani anataka mwanawe anate kwenye orodha ya waliofaulu. Akanicheka: "Mama Dasom, funga meza ukalale, nitakuamsha wakishamaliza." Nikamwambia peremende zake zinang'oa meno kuliko zinavyofaulisha.

Dasom wangu naye anaingia Jumamosi. Mtihani wa taifa wa maofisa ustawi wa jamii, daraja la kwanza – si daraja la pili, la kwanza. Mwaka jana alikosa kidogo, kidogo kama unywele. Kituo cha kulinda watoto hapa mjini kina nafasi moja. Akifaulu watamwita kwenye usaili. Asipofaulu wanachukua mwingine, basi.

Kaniomba nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Nimemwambia Mama Gyutae tu. Na muuza pweza. Na fundi cherehani, lakini yeye alikuwa ameshasikia.

Alhamisi, 9 Januari

Nimesimama mbele ya kalenda kama mtu aliyemwagiwa maji. Jumamosi ni siku ya kumi na mbili ya mwezi wa kumi na mbili, kwa kalenda ya mwezi. Siku aliyozaliwa Dasom! Marafiki zake wanamtakia heri kwa tarehe ya serikali, lakini nyumba hii tunahesabu kwa mwezi, kama alivyohesabu mama yangu. Na siku ya kuzaliwa ni supu ya mwani. Hakuna supu nyingine.

Siku ya kuzaliwa lazima ainywe. Siku ya mtihani asiione hata kwa mbali. Siku moja hiyo hiyo.

Ingekuwa mtoto mwingine ningesema mwaka huu turuke. Kwa Dasom siwezi. Nilipoolewa na baba yake, yeye alikuwa na miaka minane. Nikamuuliza, siku yako ya kuzaliwa ni lini? Akasema hajui, labda hana. Mtoto wa miaka minane hajawahi kupikiwa supu, na mimi kazi yangu kuuza mwani! Mama yake mzazi alishaondoka zamani, na baba yake alikuwa mtu wa chupa. Akinywa alivunja vyombo, na akimaliza vyombo anatafuta mtu. Dasom alikuwa anaingia chini ya meza na kukauka kimya, hata kope hazipepesi.

Supu ile mzazi hunyweshwa akijifungua, ndiyo maana mtoto huinywa kila mwaka. Mimi sikumzaa. Hakuna aliyeninywesha kwa ajili yake. Basi nimempikia kila mwaka, na kwa sufuria kubwa.

Ijumaa, 10 Januari

Nimeipeleka kesi sokoni. Muuza pweza anasema nipike, kumsahau mtoto siku yake ndio mkosi wenyewe. Fundi cherehani anasema nipike nusu bakuli. Mama Gyutae akasema nikipika nitakuwa nimeonyesha kwamba mimi ni mama wa kambo kweli.

Aliliangusha neno hilo kama mtu aliyeangusha kijiko, kisha akajifanya anapanga peremende.

Nikamwambia: "Gyutae umemzaa mwenyewe, shoga, na akija sokoni anapita mlango wa nyuma asije akakubebea ndoo." Watu wakaangua kicheko. Yeye alinuna mpaka saa ya kufunga. Halafu akaja na pakiti ya peremende, akaitupa kwenye kikapu changu. "Za Dasom," akasema. "Na atafune vizuri, asizimeze kama bata."

Nimeamua. Supu ya mwani hapana. Kesho asubuhi supu ya soya na tofu, wali, peremende. Mwani baada ya mtihani, hata sufuria nzima.

Nimeuloweka kidogo tu, nikauficha nyuma ya chungu cha wali. Sijui kwa nini. Mkono ulifanya wenyewe.

Jumamosi, 11 Januari

Kaamka, kanusa, kaniangalia.

"Mama, leo ni tarehe ngapi ya mwezi?"

Nikasema sijui.

"Wewe? Wewe hujui?"

Nikasema kula soya yako, basi litakuacha. Akakaa, akaweka kijiko chini. Akauliza supu yake iko wapi. Nikamweleza mambo yote, la mwani na la kunata na la nafasi moja, nikasema atainywa jioni kwa raha. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtoto mwenye adabu, waulize walimu wake wote. Kisha akasema: "Mama, mimi nimetelezeshwa na mambo mengi, mwani haumo. Pika."

Nikauvuta mwani nyuma ya chungu. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Akanywa mabakuli mawili. Mawili! Nilitaka kumnyang'anya la pili, akalikumbatia.

Akatoka na peremende ya Mama Gyutae shavuni, amevimba upande mmoja kama anaumwa jino. Hivyo ndivyo alivyoenda kwenye mtihani wa taifa.

Jioni: karudi. Majibu wameshayatoa mtandaoni, akasahihisha mwenyewe sebuleni. Mimi nikajifanya nakunja nguo. Nilikunja taulo moja mpaka likawa kama bahasha. Anasema kavuka. Labda. Somo la sheria ndilo liko ukingoni.

Jumapili, 12 Januari

Mama Gyutae kauliza mtoto alikula nini. Nikasema soya. Dasom alikuwa amekuja kunibebea magunia, akasema: "Mwani, mama'ngu. Mabakuli mawili."

Mama Gyutae akakaa chini.

Jumatano, 12 Februari

Kafaulu.

Nilikuwa nampimia mteja dagaa, ninaowauza kando ya mwani. Simu ikalia, meseji ya Dasom, neno moja: *Nimenata.*

Sikumbuki nilimpa yule mteja dagaa kiasi gani. Alitabasamu sana, nadhani wengi. Nikapanda kwenye kreti. Nikasema soko zima lisikie: Dasom wangu, daraja la kwanza, kwa supu ya mwani, mabakuli mawili, na mwenye ubishi aje hapa nilipo. Muuza pweza akapiga mabakuli. Mama Gyutae akasema zilikuwa ni peremende zake. Nikamkumbatia hivyo hivyo, na uongo wake.

Kisha nikaingia chooni nikalia kidogo. Miaka kumi na minne nimekuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, hajui kwamba anaweza kuitua.

Maana nakumbuka siku alipoichagua kazi hii. Baba yake alikuwa hospitali, ini limeshakwisha, na ndugu zake wamekuja kusema msichana apelekwe kwenye kituo, mimi si damu yake. Likaja na jimama moja la ustawi wa jamii, nene, limevaa soksi zilizotoboka. Dasom alikuwa chini ya meza. Wale ndugu wanapiga kelele, mimi napiga kelele. Yule mama hakusema na sisi hata kidogo. Akainama, akaingia chini ya meza na mwili wake wote ule, akaanza kumenya chenza. Tukanyamaza wenyewe. Baadaye akauliza swali moja tu, akamuuliza Dasom: unataka kulala wapi leo? Dasom akaninyooshea kidole mimi.

Jioni ile akaniambia akikua anataka kazi ya mama wa machenza. Nilidhani anataka kuuza matunda.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemtengenezea bango. Kila mtu hapa mtoto akifaulu anatundika bango, kwa nini mimi nisitundike? Kubwa, la njano, juu ya meza yangu: *HONGERA HAN DASOM, DARAJA LA KWANZA. MWANI WA HAPA HAUTELEZI.*

Mwani umekwisha kabla ya saa sita.

Dasom kaja, kaliona, kafunika uso kwa mikono. "Mama, shusha." Nikasema nimeshalilipia. "Mama, nakuomba, bado sijafanya usaili." Nimekata jina lake kwa mkasi. Yaliyobaki yamebaki. Ni biashara.

Jumatatu, 24 Februari

Usaili. Wenzake walimshauri asitaje utoto wake. Sema umesoma, una bidii, basi. Usiwape sababu ya kukuogopa.

Katoka huko kaja moja kwa moja sokoni na suti yake, kakaa kwenye gunia la dagaa bila kuangalia. Nikajua limetokea jambo. Nikampa uji wa maboga, nikangoja.

Walikuwa watatu. Mzee mmoja kamuuliza kwa nini kazi hii. Akasema ukweli, wote, hadi meza. Yule mzee akavua miwani. Akasema: binti, kazi hii utaingia kwenye nyumba za walevi. Mwanamume akianza kupiga kelele, wewe si utaganda?

Nikamwambia Dasom nionyeshe huyo mzee anakaa wapi. Akasema, "Mama, swali lake ni zuri."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema nitaganda. Halafu nitaendelea."

Mama Gyutae, aliyekuwa anafuta meza ile ile tangu tulipoanza kuongea, kasema kwa jibu hilo yeye angempa kazi, nyumba na mume. Dasom kacheka. Lakini uji hakumaliza.

Ijumaa, 28 Februari

Wamemchukua! Nimelala mchana, sijalala mchana tangu nizaliwe.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza. Kavaa kitambulisho shingoni, picha yake imetoka vizuri, ana paji la uso la watu wenye akili. Nimemsindikiza mpaka kituo cha basi ingawa alinikataza. Dereva nimemwambia huyu ni ofisa. Dereva kasema shikamoo ofisa. Dasom kaenda kukaa nyuma kabisa.

Jumapili, 16 Machi

Wiki mbili za kusoma faili na kupokea simu. Anasema bado hajaingia nyumba kama ile ya baba yake. Za kwake zimekuwa mama mgonjwa, bibi anayelea wajukuu. Analala vizuri. Anakula vizuri. Mimi ndiye ninayeamka.

Jumatano, 19 Machi

Ni kesho.

Kaniambia tukiwa tunaosha vyombo, kwa sauti ya kuuliza sabuni iko wapi. Baba mlevi, mtoto wa kike mdogo, majirani wamepiga simu. Majina hasemi, wameapishwa, na mimi siulizi. Anakwenda na Bwana Ahn wa ofisini, mtu mzima, mtulivu.

Akasema: "Mama, nikiganda nisiweze kuendelea, nitawaomba wanihamishie ndani. Kazi za makaratasi. Nimeshaamua, nisije nikamwangusha mtoto wa watu."

Nikasema ndani nako si kubaya, kuna hita. Akasema ndiyo, kuna hita. Tukaendelea kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshatakata.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefungua meza lakini akili haikuwepo. Mama Gyutae kaniuzia mwani siku nzima, kasema nikikaa na uso ule nitafukuza wateja wa soko zima. Kila aliyenunua kamwambia: huu ndio mwani wa ofisa. Nimemsikia kwa masikio yangu. Sijamwambia kwamba nimemsikia.

Mchana meseji: *Nimeingia.* Halafu kimya. Nimeishika simu mpaka ikapata joto. Muuza pweza kaniambia weka chini, haiatamiwi.

Saa kumi na moja jioni: *Nimetoka. Nina njaa.*

Haisemi kitu kingine. Nimeisoma mara ngapi sijui. Mtu aliyeshindwa hupata njaa? Mimi nikishindwa sili. Lakini yeye tangu utotoni akiumia anakula, anakula kimya. Nimekuja nyumbani mbio, nimeweka wali, nimeweka samaki kwenye kikaango. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji.

Namsikia. Huyo anapanda ngazi. Ghorofa ya kwanza. Ya pili – kasimama. Anaongea na simu, mlango huu mwembamba kama karatasi.

Anasema: "Ndiyo, Bwana Ahn, nipo sawa." Anasikiliza. "Niliganda, uliniona. Ndiyo." Samaki anaungua upande mmoja. Na aungue, nikimgeuza atapiga kelele.

"Hapana. Asiende mtu mwingine. Mtoto ameshanizoea mimi."

"Waambie wa zamu hapo kituoni wasizime taa, analala na taa. Kesho asubuhi nitakuja mwenyewe."

Kakata simu. Yupo nje ya mlango lakini habonyezi namba za kufuli. Anapenga kamasi. Mara moja, mara nyingine. Nisimfungulie, nimwache ajifute. Nimepunguza gesi. Sasa anabonyeza –