Baba Alipotoka Katikati ya Filamu Yako

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuachia mkono wodini ukatangulia. Bado tunapunguza sauti ya redio tukipita chumba chako cha kuandikia, kama vile uko ndani unakimbizana na muda wa gazeti.

Ulikuwa mtu wa kalamu mdomoni na viatu vilivyolika kisigino upande mmoja. Chakula kiliungua jikoni ukiwa umesimama pale pale, lakini hukusahau siku ya mtihani ya mtoto hata mmoja wa lile bweni uliloliandika gazetini. Uliwapigia mmoja mmoja: "Amka, unywe chai, ukaandike taratibu."

Wengi wanakujua kwa habari ile: mlezi wa bweni aliyewadhulumu watoto miaka kumi na moja, na bodi ya shule iliyozikalia barua za wazazi huku ikimhamisha kimyakimya toka shule moja hadi nyingine. Miaka mitatu uliifuatilia, wewe na mpiga picha wa gazeti. Sisi wa nyumbani tunajua na hili: miaka hiyo mitatu Baba alikonda kwa wivu.

Unamjua mumeo. Fundi cherehani, maneno machache, aliyekushonea kila gauni na mfuko mpana ili daftari lako likae. Simu ikilia ukatoka nayo nje, cherehani ilinyamaza. Siku moja alifunga duka mchana akakufuata hadi mgahawa wa kituo cha mabasi, akawaona wewe na mpiga picha mmeinamia makaratasi, vichwa nusura vigusane. Alirudi bila kuingia. Alasiri hiyo suruali ya mteja ilitoka na mguu mmoja mfupi.

Jioni akakuuliza, "Yule bwana ana nini ambacho mimi sina?"

"Ana gari," ukamjibu, ukacheka. Yeye hakucheka. Ndipo ukakaa kando yake. "Baba watoto, kuna watu nimewaahidi sitafungua mdomo, hata kwako. Nivumilie."

Alikuvumilia. Lakini donge lilibaki, na siku tunakuzika lilikuwa bado halijashuka.

Miezi saba baadaye filamu ya kazi yenu ikatoka, nasi tukaalikwa. Baba alivaa koti lake jeusi. Mwigizaji alipotokea akiwa ndiye wewe, alimnong'oneza Shangazi, "Gauni halina mfuko."

Kisha ikaja sehemu mnapoipata barua ya bodi ya kumhamisha yule mlezi, yenye sahihi zote, mko garini, mvua inanyesha. Mwigizaji wa kiume akamshika mwenzake mkono, naye akamwegemea begani. Baba akanyanyuka, akapita kwenye magoti ya watu, akatoka.

Mpiga picha alimfuata hadi kwenye korido. Sisi wanao tulisimama mlangoni, tukasikia yote.

"Mzee, haikuwa hivyo. Siku ile aliisoma barua mara mbili, akalia, akaniambia nimrudishe kwa mumewe."

"Mbona hawakuonyesha hivyo?"

"Walinionyesha sehemu hiyo kwenye maandishi kabla hawajaipiga. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Mpiga picha aliangalia sakafu. "Nilitamani ingekuwa kweli. Miaka mitatu namshusha pale dukani kwako, namwona anavyokimbilia ndani hata mlango wa gari hajafunga. Nilikuwa nakuonea wivu, Mzee."

Tulidhani Baba angempiga. Alifunga vifungo vya koti lake. "Walioficha barua mliwaandama miaka mitatu," akasema. "Uongo wa kwako ukauacha ukapita." Akatuita, tukaondoka.

Wiki mbili baadaye mpiga picha alikuja dukani na nakala ya barua aliyowaandikia wenye filamu kuwaeleza ukweli, na bahasha nene ya picha. Zote zako, ukiwa kazini. Umelala, kichwa juu ya faili. Umevua viatu nje ya mahakama. Umekaa kwenye ngazi na mama mmoja.

Baba alizipitia moja moja. "Hapa mlikuwa mnangoja nini?"

"Huyu ni mzazi wa kwanza kukubali kusema. Mkeo alikaa naye kwa saa nne bila kumuuliza swali hata moja. Yule mama akaanza mwenyewe."

Baba akavuta kigoda cha wateja. "Kaa. Na hii?"

Wateja walikuja wakaambiwa warudi kesho. Saa zile zote ambazo Baba alikuwa akizionea wivu, alisimuliwa, akazisikiliza hadi mwisho. Hatutakudanganya kwamba wivu umekwisha. Mpiga picha alipoaga, Baba alimrudishia picha moja awe nayo. Alichagua ile ambayo sura yako haionekani vizuri.

Tunaokukumbuka ni mumeo, sisi wanao watatu, wadogo zako wawili, Shangazi, wajukuu wako, na watoto wa lile bweni, ambao waliomba waandikwe kama familia. Baba alilisoma tangazo hili kabla hatujalipeleka gazetini. Akaomba kalamu, akaongeza mtu mmoja kwa mkono wake, mwisho kabisa: na mpiga picha.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote za maisha yetu.