Ukiitwa, Usiitike

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Upepo na vumbi hapa chuoni Chimwaga kutwa. Miaka kumi nachora modeli za jinsi jirani anavyomgeuza jirani mawazo, na wahariri wa jarida bado wananiuliza: ushahidi wa mtaani uko wapi? Haya! Leo nimetunga uvumi, wa kwangu kabisa: "Ukiitwa toka upande wa bwawa, usiitike." Hauna maana yoyote — ndiyo raha yake. Nitautuma kwa simu kwa Yotham, mwanafunzi wangu wa uzamili. Ijumaa aende Hombolo, kwetu, kwenye bwawa, amwambie mtu mmoja tu, kisha tuufuatilie.

Jumatano, 4 Septemba
Nimempigia mama, Hombolo. Presha iko juu, miguu imevimba. Jumamosi namfuata, twende hospitali. Kabla ya kukata akanionya: nisipite bwawani, na nikiitwa kule nisiitike. Eti kila mtu anajua.
Nimemfokea Yotham. Masikini, akabaki kunishangaa. "Dokta, uvumi gani? Hujanitumia kitu."
Nimeangalia simu. Kweli, sijautuma.

Alhamisi, 5 Septemba
Sijalala vizuri. Nimemuuliza mama nani kauanzisha. Akacheka. Si mimi? Si nilikuja mwezi jana, wiki ya mavuno ya zabibu, nikakaa jikoni, nikamwambia mwenyewe?
Sijakanyaga Hombolo tangu Pasaka. Naogopa, na aibu naona kuogopa.

Jumamosi, 7 Septemba
Mchana kweupe. Nimekaa kizingitini kwa mama, mlango unaotazama bwawa, naandika. Barabara wanaichimba, kwa hiyo nimezungukia njia ya bwawani — ningefanyaje? Nimebisha hodi mpaka sauti imekauka. "Mama, ni mimi, Sidonia!" Yumo. Namsikia anavyohema, pumzi fupi fupi. Haitiki.
Emiliana, jirani, amechungulia dirishani. Nikamsihi amwite yeye. Nikamwambia ni uongo, nimeutunga mimi ofisini! Hakunitazama usoni. Akasema tu kwamba wameniona nilikotokea, akafunga dirisha.
Nitavunja mlango. Mama hawezi kusubiri.
Kuna mtu anaita, upande wa pili wa nyumba, kule barabarani. "Mama! Nimekuja, twende hospitali." Sauti hiyo naijua. Ni yangu.
Na mama ameitika! "Bee, mwanangu, nakuja." Namsikia anajikokota, anaufuata mlango wa nyuma. Namwita, namwita —
Komeo linafunguliwa.