Nguzo ya Tuatagi

Vaipuna,
Upolu, Samoa.
3 Agosti 1936

Kaka yangu mpendwa Sakaria,

Pokea salamu za nyumba nzima. U hali gani huko Pago Pago? Wifi Moelagi na watoto hawajambo? Nasikia nyama za makopo za Wamarekani zimekunenepesha mpaka shati halifungi. Sisi hatujambo, ila mimi sauti imenikauka kwa kuimba, na sababu ni hii.

Baba amerudi! Nimeandika, nikasoma tena nione kama ni kweli. Serikali mpya ya New Zealand imefuta amri ya kuwafukuza watu makwao, na Alhamisi mashua ya makasia ilimleta kutoka kisiwa cha Savaii. Amekonda, meno ya mbele hana, lakini ulimi ni uleule. Aliponiona tu ufukweni akapaza sauti: "We Tiresa, bado hujaolewa? Wanaume wote waliishia gerezani?" Nililia, nikacheka, nikamlowesha shati.

Wewe uliondoka mwaka ule wa homa, tulipokwisha kumzika mama, kwa hiyo mengine uliyasikia kwa mbali tu. Homa ile ililetwa na meli ambayo Wazungu waliiacha itie nanga na wagonjwa wake, na hakuna aliyeisahau. Hata hivyo tulikuwa bado watu wa kunung'unika majumbani. Kisha tukaamriwa kukusanya wadudu wa minazi na kuwapeleka wakahesabiwe, kama watoto wa shule. Kisha wakatukataza kupelekeana mikeka ya heshima kwenye harusi na misiba. Baba na wazee wenzake wakaandika maombi kwa adabu, wakitaka kusikilizwa tu.

Jibu likawa kumvua baba jina la Tuatagi, cheo cha ukoo wetu, na kumhamishia Savaii, akae ugenini kama mtu asiye na ukoo. Hapo ndipo kijiji kizima kilipoingia Mau, chama cha kuipinga serikali. Wanaume walikimbilia msituni askari walipokuja, na sisi wanawake tukajifunga vitambaa vya buluu vyenye mstari mweupe, tukaandamana mpaka Apia. Hatukuomba tena kusikilizwa. Tulisema Samoa ni ya Wasamoa, basi.

Jina la Tuatagi serikali ikampa baba mdogo Lafaele, naye akalipokea. Unajua nilivyomchukia. Kila kikao alikaa mbele ya nguzo ya baba, mahali pa mwenye jina la Tuatagi, mgongo umenyooka, hata kikao kikiwa cha kutwa. Tulimwita Bwana Mlingoti, tukasema cheo cha Wazungu kimemkaza kiuno. Alitusikia, akazidi kunyoosha mgongo.

Ijumaa wazee wakakutana kunywa ava. Mimi, binti wa Tuatagi, ndiye ninayechanganya mizizi yake na maji. Nikamwona baba anapita nguzo yake na kwenda kukaa nyuma, pamoja na wasio na majina. Amri ya serikali ilimrudisha nyumbani, lakini haikusema lolote juu ya jina lake. Kikombe cha Tuatagi kikiitwa, mwenyewe hupiga makofi ili mpelekaji ajue pa kukipeleka. Kama Lafaele angepiga makofi, baba angebaki mzee Sefo tu, bila cheo, mpaka tumzike.

Mzee Pauga, msemaji wetu, akakiita kikombe kwa jina lake la tangu zamani: "Upepo Umetulia!"

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wote wakamgeukia Lafaele.

"Mnanikodolea macho ya nini?" akasema. "Mwenye kikombe si yule kule nyuma, kajikunja kama kaa? Njoo ukae kwako, kaka. Mgongo unaniuma."

"Unauma na nini," baba akamjibu, "na nguzo unayo?"

"Sijaiegemea hata siku moja. Ningelikataa hili jina, wangempa mtu wa kuegemea."

Kaka, sijui nikwambieje. Mzee Pauga alijifunika uso. Baba alikuja mbele polepole, wakashikana mabega, kisha akakaa, akaegemea nguzo yake, na akapiga makofi. Nilijaza kile kifuu cha ava mpaka kikamwagika mkononi mwangu, na nikahisi mzigo wa miaka yote hiyo umenitoka.

Nilikwenda baadaye kumwomba radhi baba mdogo. Akaniambia, "Mlingoti si tusi, mwanangu. Wengine mliwaita vibaya zaidi."

Bendera ya New Zealand bado inapepea Apia, kwa hiyo kazi haijaisha. Baba anasema wakija kutuambia wametusamehe, tuwajibu kwamba hatukuomba msamaha, tuliomba waende kwao. Lakini sasa anayasema hayo akiwa nyumbani, na anayasema kwa sauti.

Nisalimie wifi, watoto, na shangazi Fetu kama bado anakuja kwenu Jumapili. Mzee Pauga na baba mdogo Lafaele wanakusalimu sana. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na akupe nafasi ya kuja umwone baba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye vilevile hata ukinenepa,
Tiresa

Nilisahau kukwambia: Ijumaa ile, baada ya chakula cha mchana, baba alipitiwa na usingizi palepale kwenye nguzo yake. Baba mdogo Lafaele alilala kwenye nguzo ya pili, ameegemea mgongo wote, anakoroma. Tuliwaacha walale.